Tone la Kwanza la Mama Leokadia

Wiki iliyopita tulimwacha Benadetha amemkamata Mama Leokadia kifundo cha mkono mbele ya kamati nzima ya send-off, na tone la seramu limening'inia juu ya shavu la binti huyo, halijaamua lianguke au lisianguke.

Lilianguka. Likapita pembeni ya sikio, likatua kwenye zulia jeupe la sebuleni kwa Mama Leokadia huko Oxon Hill, Maryland, zulia ambalo wageni huvua viatu tangu kwenye ngazi ili kulihurumia.

Wanawake waliokuwa wameshaandaa ndimi kwa ajili ya vigelegele walizimeza. Cheryl, binti wa mwenye nyumba, aliyekuwa anarekodi kwa simu, akauliza kwa Kiingereza kama aanze upya.

"Mama, nisamehe," Benadetha alisema. Akapandisha mkono wa blauzi akaonyesha ndani ya kiwiko. "Weka kwanza hapa. Tuone ngozi itasema nini."

Mama Leokadia aliutoa mkono wake polepole, kama mtu anayeutoa mdomoni mwa mbwa wa jirani.

"Unanipima."

"Naipima dawa, Mama."

"Dawa ni yangu. Ukiipima umenipima mimi."

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, shika hapa. Benadetha ni binti wa Bukoba, anatunza wazee majumbani mwao huko Silver Spring, na amebakiza wiki tatu kufanyiwa send-off yake, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Anaolewa na Mugo, Mkenya wa Nyeri, kijana wa kompyuta na mashati yaliyonyooka. Mama mzazi wa Benadetha amenyimwa viza. Na msichana haingii ukumbini peke yake kama mtu aliyeleta mzigo. Lazima awepo mama wa kumshika mkono na kumkabidhi. Mama Leokadia alijitolea kuwa mama huyo. Bila yeye, kiti cha mama ni kitupu.

Shida ni kwamba Mama Leokadia hajawahi kujitolea bila kubeba bidhaa. Alishauza sufuria zisizounguza, zikaungua. Aliuza chai ya kupunguza tumbo, ikapunguza marafiki. Mwaka huu anajiita mshauri wa ngozi, na anauza seramu iitwayo Nuru ya Malkia, kichupa cha dhahabu kisichozidi kidole gumba, ambacho bei yake haisemwi kwa sauti bali hunong'onwa, kama habari za msiba. Anasema kinafuta madoa meusi kwa siku saba. Yeye mwenyewe anakitumia. Ana uso wa chai ya maziwa, na vifundo vya vidole vya kahawa ya mkaa.

Na hiyo mila ya tone la kwanza, kwamba mama wa send-off humpaka binti tone la kwanza la mafuta ya urembo mbele ya wanawake, uliza imetoka wapi. Wale wa Bukoba waliokuwa sebuleni pale walidhani ni ya Pwani. Wa Pwani walidhani ni ya Bukoba. Mama mmoja wa Kongo aliona ni ya Watanzania wote, akasema ni très joli, nzuri sana. Aketch, Mjaluo wa Kisumu, rafiki wa Benadetha wa kazini, alidhani labda iko kwenye Biblia. Kila mmoja alinyamaza kwa kuiheshimu mila ya mwenzake. Ukweli ni kwamba mila hiyo ilizaliwa Oxon Hill mwezi uliopita. Mama yake ni Leokadia, baba yake ni biashara.

"Binti yangu," Mama Leokadia alianza, na sauti yake sasa ilikuwa na asali ya dukani. "Unafikiri watu wanakuja kutazama gauni? Watu wanakuja kutazama uso. Na Anti Edna ameshauliza."

Benadetha akashusha mkono wa blauzi. Anti Edna ni dada wa baba yake Mugo, muuguzi wa Temple Hills, na upande wa Mugo wote hapa Amerika haufungui mdomo kabla yeye hajafungua wake.

"Ameuliza nini?"

"Hayo madoa. Tena si mara moja."

"Na wewe ukamjibu nini, Mama?" Aketch aliingilia. "Ukamtajia bei?"

Mmoja wa wanawake alicheka, kisha akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mama Leokadia hakumtazama Aketch. Alikifunga kichupa, akakiweka mezani mbele ya Benadetha. "Mimi sishiki mkono wa binti asiyeshika neno langu. Ama upake, ama utafute mama mwingine. Amerika ni kubwa. Labda huko supamaketi wanawauza."

Hapo ndipo ungetarajia binti wetu asimame, atoke, apige mlango. Natamani ningekuandikia hivyo. Hakusimama. Alichukua kichupa, akasema kwa unyenyekevu kwamba atapaka mwenyewe nyumbani akishaoga, na vigelegele vikapigwa kwa ajili ya tone ambalo halikumgusa.

Garini Aketch alisubiri mpaka wavuke taa ya kwanza.

"Wewe ni fala ama unajifanya? Umeona vidole zake? Huyo mtu anakaa kama watu wawili wameshonwa pamoja."

Benadetha alisema hana mama wa kuazima.

"Na ndio uchomwe uso?"

"Aketch, wewe mama yako alikuja kwenye harusi yako."

"Alikuja, akatukana kila mtu, hadi dereva."

"Lakini alikuja."

Aketch aliongeza mwendo. Walifika Silver Spring. Karibu na stesheni ya treni Aketch aliegesha mbele ya duka la dawa, akatoa ufunguo, akasema hawarudi nyumbani hadi Benadetha anunue kitu chenye maandishi.

Rafu ya seramu ni kama bunge: kila mmoja anajisifu, hakuna anayejibu swali. Kulikuwa na seramu ya lulu, ya waridi, ya konokono, ya dhahabu ya kweli, na moja iliyosema itamrudisha mtu utotoni, kana kwamba kuna mwenye akili anayetaka kurudi darasa la tatu. Aketch, aliyekuja kuokoa, ndiye aliyenaswa wa kwanza. Alishika chupa ya waridi akainusa.

"Hii sasa."

"Ina manukato. Mimi hata sabuni ya manukato inaniwasha."

Akashika nyingine, ya vitamini C. Hiyo ilikuwa imekaa ubavuni mwa dirisha, maji yake yameharibika kwa jua na kuwa rangi ya chai ya rangi. Benadetha aliirudisha. Kila chupa aliyoinua alijikuta akitafuta neno moja tu: siku saba. Hakuna iliyolisema. Za bei kubwa zilisema mng'ao. Za bei ndogo hazikusema kitu.

Mwishowe walienda kwenye dirisha la mfamasia, mama wa Kihabeshi aliyening'iniza miwani kifuani. Benadetha akamwonyesha kwanza kichupa cha dhahabu. Mama yule alikigeuza, akakigeuza tena, akitafuta kilichomo. Alikuta taji na namba ya simu. Alisema taratibu kwamba chupa inayoficha vilivyomo hawezi kuitetea, kwamba za namna hiyo nyingine hukutwa na zebaki au steroidi, na kwamba yeye asingeipaka hata kwenye kiatu.

Kisha akauliza madoa yalitokana na nini. Benadetha alikiri: chunusi, na kucha zake mwenyewe. Mfamasia akamwambia atafute moja kati ya majina mawili, naiasinamidi au asidi ya azelaiki, isiyo na manukato, ya bei yoyote, kwa sababu jina ndilo linalofanya kazi wala si kifuniko. Aanze kidogo kidogo. Na kila asubuhi apake sunscreen, mafuta ya kukinga jua, la sivyo ni sawa na kupiga deki chini ya paa linalovuja.

"Sunscreen si ni ya wazungu?" Aketch alicheka. "Sisi jua linatujua."

Mfamasia, mweusi kama sisi, alimtazama juu ya miwani. Akasema jua linaweza lisituunguze upesi, lakini doa lililokwishaanza linaliongezea wino.

"Itachukua muda gani?" Benadetha aliuliza.

Miezi miwili, mitatu. Pengine zaidi. Na pengine hayatatoka yote.

Huo ndio ukweli ulivyo. Uko rafu ya chini, una kifuniko cheupe kama dawa ya kikohozi, bei yake haifiki sahani mbili za pilau mgahawani, na hauwahi sherehe ya mtu. Benadetha aliununua. Akanunua na sunscreen. Aketch alibeba ile ya waridi kimyakimya akailipia mwenyewe.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Benadetha hakumwambia Aketch. Alipofika chumbani alipaka tone la kifuniko cheupe ndani ya kiwiko cha kulia, na tone la dhahabu ndani ya kiwiko cha kushoto. Na Mungu anamwona, aliomba la kushoto lishinde. Alimtaka Leokadia awe sahihi. Alitaka siku saba, alitaka mama wa kumshika mkono, alitaka avuke ukumbi ule watu wakitazama gauni.

Asubuhi mkono wa kulia ulikuwa mkono tu. Wa kushoto ulikuwa umevimba, mwekundu ndani ya weusi wake, na malengelenge yamejipanga kama punje za mtama.

Chupa ya dhahabu, na ndani yake adhabu.

Ilikuwa Jumapili. Alipaka sunscreen, ambayo ilimwacha na kijivu cha mtu aliyepita karibu na mashine ya unga, akavaa mikono mirefu, akatia kichupa mkobani, akaenda kwenye misa ya Kiswahili kule Temple Hills. Nia yake ilikuwa ndogo: amvute Mama Leokadia pembeni baada ya misa, amrudishie kichupa kwa adabu, ambembeleze amshike mkono hivyohivyo na madoa yake.

Nia ndogo ndizo zinazovunjwa upesi. Alipoingia tu ukumbi wa chai, Anti Edna alimwita kwa kidole.

"Hebu kuja hapa, mama. Kuja kwa mwangaza." Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya. "Sasa hizi vitu zimerudi aje?"

Benadetha hakuelewa. "Hayajarudi, Anti. Yapo tangu mwaka jana."

"Usiniambie hivyo. Si nilikuona vile ulikuwa umepona. Ndio nikanunua mbili."

"Ulinunua nini?"

Anti Edna akatoa simu. Lilikuwa tangazo la Nuru ya Malkia, alilolirusha Mama Leokadia wiki kadhaa zilizopita, na watu walikuwa wamelitumiana kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, Maryland nzima. Picha mbili. Ya kushoto imeandikwa KABLA: ni Benadetha, mdomo umejaa andazi, madoa yote nje, amepigwa bila kujua kwenye kikao cha kamati. Ya kulia imeandikwa BAADA: ni Benadetha yuleyule, anatabasamu, uso safi kama sahani.

Kumbe Anti Edna hakuwahi kuuliza madoa ya mtu. Alichouliza ni chupa.

Benadetha alisimama na simu ya watu mkononi. Kwanza alitazama uso. Kisha akatazama kola ya bluu. Kisha akatazama begani, akauona mkono. Vidole vinne vya mwanamke, vimekatwa kwenye ukingo wa picha, na juu yavyo kovu la mafuta ya moto lenye umbo la jani.

Mama Leokadia alikuwa nyuma ya meza, anamimina chai na kugawa tabasamu. Benadetha alimwekea kichupa cha dhahabu katikati ya vikombe.

"Nimekurudishia, Mama."

"Umeshapaka?"

Akapandisha mkono wa blauzi wa kushoto. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya chai wakasogea kuona, kisha wakarudi nyuma.

"Hiyo ndiyo inafanya kazi," Mama Leokadia alisema bila kupepesa. "Inatoa uchafu. Ukivumilia siku mbili tatu..."

"Wacha nikuulize," Anti Edna alikatiza, na sura ya uuguzi ilikuwa imemrudia, ingawa ilichelewa chupa mbili. "Hii nyuso mbili hapa, ni gani ilikuja mbele?"

"Imeandikwa, dada yangu. Kabla, baada."

"Baada ni mimi Bukoba," Benadetha alisema. "Siku ya kipaimara changu. Nilikuwa sijajua hata Maryland iko wapi. Hicho anachokiuza kama mwisho ndicho cha mwanzo."

Minong'ono ilianza. Mama wa Kongo, ambaye naye alikuwa ameshanunua, aliuliza kwa upole kama anaweza kurudisha yake, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko tusi. Mama Leokadia akaweka birika chini. Akasema hiyo ni biashara, kila anayefanya biashara hutafuta picha nzuri, na Benadetha angemshukuru maana alimpendezesha mbele ya Amerika. Akasema watoto wa siku hizi hawana shukrani. Akasema mengi. Benadetha alisubiri yaishe.

"Unauona huu mkono begani?" alisema. "Ni wa mama yangu. Aliyenyimwa viza. Umemkata kwenye picha, halafu unataka kusimama mahali pake."

Foleni ya chai ikavunjika.

Ndipo Mama Leokadia akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyebakiza karata moja.

"Na picha yenyewe unadhani niliiokota njiani?"

Benadetha akaitazama tena. Picha ile haikuwahi kuwa kwenye simu. Ilikuwa ya karatasi, moja tu, aliyopewa na mama yake uwanja wa ndege. Na yeye aliitoa kwa mtu mmoja tu duniani, siku alipomkubali.

"Muulize huyo," Mama Leokadia alisema, akionyesha mlango kwa kidevu. "Muulize nani alinifuata mpaka nyumbani, akaniambia, Mama, mfanye awe kama hapa. Muulize nani alilipia chupa yako."

Mlangoni alikuwa Mugo. Alikuwa ameegesha gari sasa hivi, ufunguo bado kidoleni, shati limenyooka. Alitazama kichupa mezani, akatazama mkono wa Benadetha wenye malengelenge, na rangi ikamtoka usoni bila seramu yoyote.

"Bena, ngoja nikueleze. Sikujua itachoma. Nilitaka tu siku hiyo ujisikie vizuri. Uwe vile ulikuwa."

"Vile nilikuwa lini, Mugo?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulinikuta hivi."

"Najua. Lakini ile picha..."

Hakumalizia, wala hakuhitaji. Watu wote pale walielewa kwamba kijana huyu alikuwa amechumbia karatasi, na kwa miezi yote hiyo alikuwa akisubiri msichana aifikie.

Benadetha alishusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kitu cha kifuniko cheupe kinachotaka miezi, na kisichoahidi.

"Na madoa yasipotoka?" aliuliza.

Mugo alimtazama shangazi yake. Anti Edna akatazama sakafu.

"Anti hajaulizwa," Benadetha alisema. "Nimekuuliza wewe."